UZI: Wazo la wimbo likikujia njiani, linase kwa simu kabla programu haijakuchagulia mdundo

Mwl_Adungu (Arua)

Wakuu, salaam.

Nafundisha kwaya na vikundi vya adungu (kinubi chetu cha upinde) huku West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, na swali ninaloulizwa na vijana kila mara ni moja: "Mwalimu, nipakue programu gani nitengeneze wimbo?" Jibu langu nimeona niliweke hapa kwa urefu ili wengine nao wachangie. Anza na kinasa sauti kilichokuja na simu yako. Hicho hicho chenye kitufe chekundu. Programu kubwa zina siku yake na nitazitaja, ila melodi haitakusubiri ufungue akaunti, uthibitishe barua pepe, uchague ala, upange kasi, ndipo uimbe. Mpaka umalize hayo yote, itakuwa imegeuka kitu kingine au imeondoka kabisa.

Na tatizo si kuchelewa tu. Programu nyingi za muziki ukizifungua zinakukuta na mdundo wao: nne kwa nne, kasi mara nyingi mapigo 120 kwa dakika, ala zilizopangwa kwa sauti za piano. Ukisikia ule mdundo kabla hujafungua kinywa, utaimba wa kwake. Nimesikia vijana wenye ngoma za nyumbani kwao masikioni tangu utoto, mdundo unaogawanyika kwa tatu, wakaketi mbele ya programu na kutoka na wimbo unaofanana na kila kinachopigwa kwenye teksi za Kampala. Wazo halikuwa baya. Lilipimwa kwa kipimo cha mtu mwingine kabla halijasimama. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: sauti yako na mguu wako vitangulie, mashine ifuate.

Kuhusu kunasa kwenyewe. Weka kinasa sauti ukurasa wa kwanza wa simu, mahali kidole gumba kinapofika. Wazo likija, imba hata kama huna maneno: la-la-la, mh-mh, chochote. Piga mguu au gonga meza ili mdundo uingie humo humo. Ukimaliza kuimba usizime. Sema kwa mdomo: "Hii ni korasi, naiwazia taratibu, adungu ndogo ianze peke yake, ngoma ziingie mstari wa tatu." Watu wengi hayo maneno machache hawayasemi, na miezi ikipita mtu anasikiliza mvumo wake mwenyewe asijue kama ulikuwa ubeti au kiitikio, wala pigo la kwanza liko wapi. Hilo la pigo la kwanza ndilo linaloua mawazo mengi. Melodi ile ile ukiihesabu kuanzia mahali pengine ni wimbo mwingine.

Kisha ipe jina papo hapo. "Rekodi 37" haimwambii mtu kitu. Andika "korasi daraja polepole" au "ubeti harusi mguu tatu", na ukitafuta baadaye utaipata.

Sasa kukuza. Nitoe mfano wa kazi tuliyo nayo mkononi. Kijana mmoja alivuma melodi akiwa ndani ya basi: noti tatu fupi zinazopanda, ya nne ndefu, kisha inashuka. Maneno hayakuwepo. Mstari wa kwanza aliojaribu kuuweka ulikuwa "Nikifika ng'ambo". Uimbe polepole uone: ni-ki-fi-ka. Noti ndefu inaangukia "ka", na Kiswahili hakikazi hapo, kinakaza "fi". Masikio yanakataa hata kama mwimbaji hajui kwa nini. Tukarudi kwenye mvumo wa basi, tukausikiliza tena na tena, tukatafuta maneno yenye mkazo kwenye silabi ya nne. Akapata "Unipeleke ng'ambo ya Pakwach". U-ni-pe-LE-ke. Noti ndefu imekaa juu ya "le", na kule kushuka kunamvusha msikilizaji daraja la Pakwach, juu ya Nile. Melodi haikuguswa hata kidogo.

Kama mvumo ule usingekuwepo kwenye simu, tungefanya wanavyofanya wengi: kuipinda melodi ifuate maneno, tena bila kujua kwamba tumeipinda. Ndiyo maana nasema rekodi ya kwanza isifutwe hata ikiwa na honi za magari na kelele za abiria. Kila hatua mpya iwe faili jipya. (Anayetunga kwa Luganda au Lugbara ana kazi nyingine juu ya hii, kwa sababu lugha hizo zinabeba maana kwenye kupanda na kushuka kwa sauti. Melodi ikipanda pasipofaa, msikilizaji anaweza kusikia neno jingine.)

Baada ya hapo ndipo zije programu zenye traki nyingi, yaani kila sauti au ala inarekodiwa peke yake kisha zinapangwa pamoja. BandLab ni ya bure, inafanya kazi kwenye Android, iPhone na hata kwenye kompyuta kupitia kivinjari. Inafaa kupanga sauti juu ya sauti, lakini inataka intaneti ili kuhifadhi mradi kwenye akaunti yako. GarageBand ni ya bure pia ila ni ya bidhaa za Apple tu. Steve Lacy wa Marekani alijulikana kwa kurekodi gitaa na sauti yake humo kwa iPhone, na kazi zake zilifika mbali. FL Studio Mobile ya kampuni ya Image-Line ya Ubelgiji unainunua, na nguvu yake iko kwenye kutengeneza biti, yaani midundo ya kompyuta. Koala Sampler naipenda kwa sababu moja: unarekodi uzi mmoja wa adungu, unauweka kwenye kitufe, unaanza kupiga. Ala iliyomo ndani ya simu inakuwa ni ile ya nyumbani kwako.

Ukiingia kwenye yoyote kati ya hizo, usianze kwa kuchagua mdundo wa tayari. Ingiza kwanza ule mvumo wako. Usikilize, gonga kidole ufuate mguu wako mwenyewe, ndipo upange kasi ya programu ilingane na wewe. Kuna programu za metronomu (kihesabu mapigo) zenye sehemu ya kugonga, zinakuhesabia kasi.

Nimeweka kambi hapa, karibuni.

---

Mtoto_wa_Katwe (Kampala)

Mwalimu shikamoo. Uzi mzito huu. Mimi ni boda boda, mawazo yananijia nikiwa stendi nasubiri abiria. Simu yangu ni ndogo, kila siku inaniambia hifadhi imejaa. Hizo programu kubwa zitakaa wapi? Na bando nalo si mchezo.

---

Mwl_Adungu

Marahaba kijana wangu. Kwako wewe swali muhimu ni aina ya faili, programu tutaiongea siku nyingine.

Kinasa sauti chako kikirekodi WAV ya kawaida (faili lisilobanwa), sampuli 44,100 kwa sekunde na biti 16, traki moja ya mono inakula takriban MB 5.3 kwa dakika. Wimbo wa dakika 4 wenye traki 8 unafika kama MB 170. Simu yako itakataa, ni haki yake. Lakini ukirekodi M4A au MP3 ya kilobiti 128, dakika moja ni karibu MB 1 tu. Kwa kunasa wazo hiyo inatosha kabisa, kwani hapo hutafuti ubora wa redio, unatafuta melodi, mdundo na maelezo yako. WAV iache kwa siku ya kurekodi sauti utakayompelekea prodyuza.

Bando usilipoteze kwenye wazo bichi. Tangu Julai 2021 tunalipa kodi ya asilimia 12 juu ya intaneti, kila mtu anaijua. Nasa bila intaneti, chagua bila intaneti. Jioni moja kwa wiki kaa na mawazo yako yote, sikiliza, yale mawili matatu yanayokuita tena yapeleke mbele, mengine yahamishie kwenye memori kadi. Usiyafute. Ubeti uliokosa kiitikio leo unaweza kukikuta kwenye mvumo wa mwaka juzi.

Na ukiwa stendi, kabla ya kubonyeza rekodi weka simu kwenye hali ya ndegeni. Abiria akipiga katikati ya wimbo, rekodi nyingi zinakatika hapo hapo.

---

Mama_Kadodi (Mbale)

Mwalimu asante. Sisi huku tuna ngoma za kadodi, zile za imbalu, sherehe yetu ya tohara. Nikirekodi kwa simu sauti yangu inazama. Ngoma zikipigwa mimi sipo, zikinyamaza kidogo narudi kwa nguvu kama nimesogezewa kipaza sauti. Wenzangu wanasema simu imeharibika. Ni kweli?

---

Mwl_Adungu

Dada, simu yako ni nzima. Simu nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya mazungumzo, kwa hiyo zinajirekebisha zenyewe: kitu kikubwa kikilia zinapunguza kila kitu, kikinyamaza zinaongeza kila kitu. Ngoma inapiga, simu inabana, na sauti yako inabanwa pamoja nayo.

Kwanza angalia kwenye mipangilio ya kinasa sauti kama kuna mahali pa kuzima kupunguza kelele au kurekebisha sauti kiotomatiki. Programu nyingine zinaruhusu, nyingine hazina. Kisha panga watu. Simu iwe karibu na wewe, kama shubiri moja na nusu kutoka kinywani, pembeni kidogo ili pumzi ya "p" na "b" isiipige. Wapiga ngoma warudi nyuma hatua kadhaa, nawe uwape mgongo, simu ikiwa kati yako na ukuta ulio na kitambaa au chini ya mti. Usiiweke simu juu ya meza tupu. Meza inavuma na ngoma. Mimi naitandikia kanga iliyokunjwa mara nne, juu ya benchi, maiki ikitazama mwimbaji. Kwa adungu kubwa ya besi naigeuza kabisa, maiki isitazame kasha la ngozi, maana zile nyuzi nene zikipigwa kwa nguvu rekodi inapasuka, na iliyopasuka haitengenezeki.

Mkiweza, rekodini ngoma peke yake kwanza, kisha uimbe juu yake kwenye traki ya pili.

---

Fundi_Sauti (Gulu)

Nimesoma yote. Nakubaliana na mengi lakini hapo kwenye mdundo wa programu napinga kidogo, mwalimu. Mimi ndiye ninayeletewa hizo rekodi. Mtu anakuja na sauti tamu aliyoimba bila metronomu, anataka niijengee biti. Ubeti wa kwanza uko mapigo 96 kwa dakika, kiitikio 103, ubeti wa pili 99. Nikate kila mstari niusogeze? Studio inahesabu saa, na yeye hela zake ni za saa mbili. Bora angeimba na metronomu tangu mwanzo.

Halafu mashine haiui mdundo wa kwetu kama fundi anaujua. Huku kwetu mwimbaji Otim Alpha na prodyuza Leo Palayeng walizichukua nyimbo za harusi za Kiacholi wakazipiga kwa kompyuta, na larakaraka, ngoma yetu ya harusi, ikabaki larakaraka, ikazidi hata kasi.

---

Mwl_Adungu

Ssebo, hoja yako naipokea, ila tazama hao uliowataja. Waliingia kwenye kompyuta wakiwa na larakaraka tayari mwilini na kwenye harusi halisi. Mashine iliwakuta na kitu. Ninaowaogopea ni wale wanaofungua programu wakiwa mikono mitupu.

Rekodi unayoletewa wewe isiwe ile ya stendi au ya basi. Ile ni ya mtunzi, ni mbegu. Mtunzi akishajua wimbo wake, anagonga apate kasi, anaweka metronomu sikioni, anaimba upya kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hiyo ndiyo ya kukuletea. Na kama wimbo unagawanyika kwa tatu, aipange metronomu kwa 6/8 au 12/8, asiimbe juu ya nne kwa nne akitegemea wewe utarekebisha.

Kuna jambo moja tu ambalo hata fundi mzuri nitamwomba aliache: kile kinachonyoosha sauti kiotomatiki. Kwenye nyimbo za piano hakina shida. Lakini amadinda, marimba ya Buganda, ina sauti tano ndani ya oktavu (toka do hadi do ya juu), zikiachana kwa umbali unaokaribia kulingana. Oktavu nzima ikigawanywa vipimo 1,200, kila hatua ya amadinda ni kama 240. Piano ina hatua ya 200 na ya 300, hiyo ya 240 haina. Mwimbaji aliyekua na amadinda anaimba pale pale kati, programu inamwona amekosea, inamvuta chini au juu, na wimbo unapoteza kile kilichomfanya mtu asimame asikilize. Adungu zetu za kanisani nyingi siku hizi zinafungwa kwa do-re-mi, zinavumilia. Amadinda na embaire, marimba ya Busoga, hazivumilii.

---

Fundi_Sauti

Hapo kwenye amadinda sina neno. Huwa nakizima. Na hiyo ya kuimba upya kwa metronomu ukiwafundisha vijana, mimi nitalala usingizi.

---

Mtoto_wa_Katwe

Swali jingine wakuu. Nikimtumia mtu wazo langu kwa WhatsApp akalifanya wimbo wake je? Imeshamtokea rafiki yangu hapa mjini. Alivuma kiitikio mbele ya watu, baadaye akakisikia kwenye wimbo wa mtu mwingine.

---

Mwl_Adungu

Pole kwa rafiki yako, inauma sana hiyo.

Sheria yetu ya Hakimiliki na Haki Jirani ya mwaka 2006 inasema wazo tupu halilindwi. Kinacholindwa ni kazi ya asili yako iliyowekwa katika hali inayoshikika, kwa njia yoyote, bila kujali ubora wake. Kwa hiyo kiitikio kilichovumwa hewani ni vigumu kukitetea, lakini kile kile kikirekodiwa kwenye simu yako ya bei nafuu, na mbwa akibweka nyuma, tayari ni kazi, na ulinzi wake unadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kifo chako. Hii ndiyo sababu nyingine ninayosisitiza kinasa sauti. Taja tarehe kwa mdomo ndani ya rekodi, na majina ya mliotunga pamoja. Wimbo ukikamilika, unaweza kuuandikisha URSB, ofisi ya serikali ya usajili, hati yao inasaidia mkifika kwenye mabishano.

Ukishatunga na mwenzako, kubalianeni mgawo siku hiyo hiyo, kwa sauti, simu ikirekodi. Kesho yake wimbo ukipendwa kila mtu atakumbuka kwamba korasi ilikuwa yake.

---

Mwimbaji_Nakivale

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Sisi ni kwaya, wengi tumetoka Kongo, tuko hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Wengine wetu wamehamia Kampala, wengine Mbarara. Tunataka kila mtu aimbe sauti yake huko aliko, halafu tuunganishe. Tumejaribu na WhatsApp, haikubali. Sauti ya pili inachelewa, na ubora unashuka sana. Tufanye namna gani, mwalimu?

---

Mwl_Adungu

Amina. Hili linawezekana, na matatizo yenu ni mawili tofauti.

Ubora: ujumbe wa sauti wa WhatsApp unabanwa sana ili usile bando. Ni mzuri kwa kuzungumza, si kwa kwaya. Kila mmoja arekodi kwa kinasa sauti au programu, kisha alitume faili kama hati. Likitumwa kama hati linafika lilivyo.

Kuchelewa: nadhani kuna anayetumia hedifoni za Bluetooth. Hizo zinachelewesha sauti, mara nyingi kati ya milisekunde 100 na 300 kutegemea simu na hedifoni. Mwimbaji anasikia wimbo ukiwa umeshapita, anaufuata, na rekodi yake inakuja nyuma. Nitoe mfano wa amadinda tena: wapigaji wawili wakipishana mpaka mapigo yafike 600 kwa dakika, kutoka pigo hadi pigo ni milisekunde 100. Ukichelewa 200 umekosea mapigo mawili mazima, ule upishano wote umevunjika. Kwaya haiendi mbio hivyo lakini sikio linasikia. Tumieni hedifoni za waya, hata zile za bei ya chini za sokoni. Na BandLab ina sehemu ya kupima na kurekebisha uchelewaji wa simu yenyewe, ipimeni mara moja kwenye kila simu.

Utaratibu: mmoja, ikiwezekana mwalimu wa sauti, arekodi wimbo mzima na metronomu, na mwanzoni ahesabu, "moja, mbili, tatu, nne", kisha apige kofi moja. Faili hilo wapewe wote. Kila mwimbaji alisikilize sikioni kwa waya, hesabu ikiisha naye apige kofi pamoja na lile, ndipo aimbe. Mwenye kuunganisha anapanga makofi yakutane, na sauti zote zinakaa.

---

Mama_Kadodi

Hilo la kofi nimelichukua, nitalitumia na wapiga ngoma wangu wa Sironko na Mbale. Na wanaorekodi nyumbani wachague chumba chenye nguo nyingi na godoro, sauti haitarudi rudi.

---

Mwimbaji_Nakivale

Tumeelewa, mwalimu. Tuna hedifoni tatu za waya, tutapokezana. Wa Kampala watatafuta zao. Tukimaliza, ndugu Fundi wa Gulu, utatusaidia kuunganisha?

---

Fundi_Sauti

Leteni. WAV, mono, kila sauti na faili lake, jina la faili liwe sauti na mji: "soprano Mbarara", "besi Nakivale". Msiongeze mwangwi wala kitu kingine chochote, hayo niachieni. Na kabla ya hesabu kila mtu anyamaze kama sekunde tano rekodi ikiwa inaendelea, bila kusogea. Kutoka kwenye kile kimya nitaipata kelele ya chumba chenu na kuiondoa kwenye wimbo mzima.